Re: Nyanya alizaliwa Pumwani miaka ya 1930, mbona sipati kumbukumbu?

Habari dadangu. Umekwama kwa sababu unaitafuta hospitali ya uzazi ya "Pumwani", Nairobi, kabla haijaitwa hivyo. Anza na jina Lady Grigg: hospitali hiyo ilianzishwa 1926 na mke wa gavana wa kikoloni Edward Grigg, ikabeba jina lake, na manispaa ya Nairobi ikaichukua 1944. Nilipomfuatilia nyanya yangu kwenye Nyaraka za Kitaifa, pale Moi Avenue, jina hilo ndilo lililonifungulia njia.

Pia tafuta kwa jina la mama mzazi, maana mtoto huandikwa kabla hajapewa jina. Na ile kadi ya kliniki usiitupe! Uzito wa mtoto ulioandikwa humo ukikushangaza, zile ni ratili (pauni), si kilo; ratili saba ni kama kilo 3.2, mtoto mzima kabisa.