Umeniuliza mbona nilipotea, haya soma

Dogo, juzi kwenye grupu la ukoo umeniuliza mbele ya watu wote, "bro hivi huko Ulaya kukoje kweli, na mbona miaka yote ile ulikuwa hupokei simu zetu?" Watu wakaweka vikatuni vya kucheka afu kimya, kila mtu anasubiri. Nakujibu humuhumu wote wasome, sirudii tena.

Wewe umezaliwa tumeshatawanyika kwa hiyo hujui tulivyokuwa. Wajukuu wa bibi tulikuwa 31, likizo ya mwezi wa 6 na ya mwezi wa 12 tunapakiwa kwenye basi kwenda Tanga, ukifika Muheza ukaona yale machungwa kwenye nyavu dirishani moyo unaanza kudunda. Nyumba ya Ngamiani vyumba sita, wavulana tunalala ukumbini kwenye mkeka tumepangwa kama dagaa, aliyekojoa hakiri hata umchape, anajulikana kwa harufu. Na hakuna mtu pale alikuwa anasema sijui binamu, mtoto wa baba mkubwa ni kaka yako, wa mama mdogo ni dada yako, wa shangazi ndo wa kutaniana nae, basi. Tunakula sinia moja watu wanane, nyama ipo katikati na hakuna kuigusa mpaka wali uishe, afu bibi anagawa mwenyewe kwa umri, mimi nilikuwa wa 9 kwa hiyo naambulia mfupa wenye matumaini.

Sasa huku. Nilikuja Uingereza 2009 na viza ya kusoma, nikasoma mwaka mmoja, ada ya mwaka wa pili ikakosekana baada ya mzee kuugua. Mwanafunzi alikuwa anaruhusiwa kufanya kazi saa 20 kwa wiki, kwa saa 20 hulipi ada, unalipa chumba na mkate. Viza ikaisha nikabaki hivyohivyo. Hiyo sentensi sijawahi kumwambia mtu wa Tanga hata mmoja mpaka leo. Nyie mlijua niko chuo, mmoja wenu akawa anatamba mtaani kaka yangu injinia Ulaya, na mimi niko Northampton nabeba boksi usiku kwenye ghala, hela napewa mkononi na pungufu, na huwezi kwenda kushtaki popote maana utaanzia wapi na wewe mwenyewe haupo kwenye makaratasi.

Simu ikiita namba inaanza na 255 najua ni msiba au ni ada ya mtoto, na mwisho lazima niulizwe "sasa unakuja lini?" Nikawa naiangalia tu inavyotetemeka mezani mpaka ikate. Sikuwadharau jamani, nilikuwa naona aibu, na kila mwezi ukipita ndo inakuwa mbaya zaidi kwa sababu ningepokea ningeanza na kusema nini? Bibi alivyofariki 2016 sikuja, ningetoka nisingerudi na mtoto wangu mkubwa alikuwa na miaka miwili. Kuna mtu alinipigia video ya mazishi, simu kaishika vibaya, nilichoona ni visigino vya watu na mchanga. Nimemzika bibi yangu kwa kuangalia kandambili.

Karatasi nimepata 2022. Mtoto amezaliwa hukuhuku, alipofikisha miaka 7 ndo wakili akapata pa kushikia. Kibali chenyewe cha miezi 30 kikiisha unaomba tena, na ada ya hospitali peke yake siku hizi ni pauni 1,035 kwa mwaka kwa mtu mzima, hata kama hujapiga chafya, bado hela ya maombi yenyewe. Kwa hiyo mkiona kwenye mchango nimeandika "nakuja" afu nakawia, siko kwenye starehe.

Mwaka huohuo wa 2022 akafariki kaka yetu mkubwa, wa baba mkubwa, yule aliyetufundisha wote kuogelea Raskazone. Nikamwambia bosi nimefiwa na kaka, akasema pole sana chukua wiki. Afu akauliza, baba mmoja mama mmoja? Nikasema hapana, mtoto wa kaka yake baba. Akatulia. "Ooh, kazini." Kwa Kiingereza chao kazini ndo binamu, kwangu mimi kazini ni pale nilipokuwa nimesimama na boksi mkononi. Wiki ikageuka siku moja isiyo na malipo. Sikumchukia, ila nililia kwenye basi la kurudi nyumbani kama mtoto.

2023 ndo nikaja, mnakumbuka. Watoto wangu wamelipa dola 50 kila mmoja kuingia nchi ya baba yao, haya. Kilichoniuma hakikuwa hicho. Nimefika Ngamiani mkaniwekea kiti! Nyie wote chini kwenye mkeka, mimi juu kama mjumbe wa nyumba kumi, sahani yangu peke yangu, uma, maji ya chupa. Najua mlifanya kwa heshima ila nilijiona mgeni wa watu. Mpaka Mapengo, mjukuu mwenzetu wa bibi, alivyotoka jikoni, akanitazama, akasema "na wewe shuka huko." Akachukua sahani yangu akaimwaga yote kwenye sinia, wali, mchuzi na kila kitu, akakaa. Miguu ilikufa ganzi ndani ya dakika tano lakini sikuinuka. Wali ulivyoisha akagawa nyama yeye, akanipa mfupa. Nikamuuliza mbona mfupa na mimi ndo nimetoka mbali, akasema wewe ni wa 9, wamekufa wawili, bado hujafika kwenye nyama.

Tangu hapo simu napokea. Mapengo ananipigia saa kumi na mbili asubuhi ya kwenu, huku kipindi cha baridi ni saa tisa usiku ndo mapumziko ya shifti, nakula wali wangu wa kwenye kontena namsikiliza anavyogombana na muuza mkaa. Hana shida yoyote, anapiga tu.

Sasa wewe na safari yako ya kuja huku. Njia ya kuja kulea wazee wameifunga kwa wanaotoka nje tangu Julai 2025, kwa hiyo huyo dalali anayekuambia toa mamilioni akufanyie mpango wa huo ulezi ni mwizi, usiuze kiwanja. Ukipata chuo chenye ada iliyolipwa yote, yote dogo, sio mwaka wa kwanza tu, niambie nitakupokea, kochi lipo. Na ukifika ukikwama usinifiche, mimi sina wa kumtambia.

Halafu mchango wa mabati ya nyumba ya bibi, mimi nimemtumia Mapengo jana usiku. Anasema wewe bado.