Vibarua wa msimu na viuatilifu: kipimo kimoja cha mwisho hakikuambii kitu

Mkuu, umesema mwajiri wako anataka vibarua wa msimu wapimwe damu mara moja tu, siku ya kufunga mavuno, na unauliza kama inatosha kujua nani kadhurika na dawa. Haitoshi hata kidogo. Mimi ni mtu wa maabara, kazi yangu imekuwa kuzunguka mashambani kuchukua sampuli, kwa hiyo nisikilize.

Bila shaka mnazungumzia kolinesterasi, kile kimeng'enya cha damu na mishipa ya fahamu kinachozuiwa kufanya kazi na dawa za wadudu za jamii ya oganofosfeti na kabameti; kikishuka, ni dalili kwamba dawa imeingia mwilini. Kiwango chake hutofautiana sana mtu na mtu. Aliyezaliwa na kiwango cha juu anaweza kupoteza robo nzima na karatasi ya maabara bado ikasema "kawaida". Ndiyo maana mtu hulinganishwa na yeye mwenyewe: anapimwa kabla hajagusa dawa, halafu anafuatiliwa kazi ikiendelea. Jimbo la California, Marekani, ndivyo wanavyofanya kwa wachanganyaji na wapulizaji wa dawa hizo. Kikishuka chini ya asilimia 80 ya kiwango chake cha mwanzo, mwajiri anachunguza kazi inafanyikaje. Kikifika asilimia 70 au chini kwenye seli nyekundu za damu, au 60 au chini kwenye plazima (majimaji ya damu), mtu anatolewa kwenye kazi ya dawa mpaka kiwango kirudi 80 au zaidi.

Sasa kwa kibarua anayehama hama hapo ndipo mambo huharibika. Anafika kwako akitoka shamba jingine, dawa ikiwa bado mwilini, na kimeng'enya cha seli nyekundu hurudi polepole sana kwa kuwa kinangoja seli mpya zizaliwe. Ukimpima siku ya kwanza ukaandika "kiwango cha mwanzo", umeandika kiwango kilichokwisha kushuka. Mimi huuliza kwanza ametoka wapi na alishika dawa lini mara ya mwisho, nikaandika. Akipata wiki kadhaa bila dawa, narudia; namba ikipanda, hiyo ya juu ndiyo ya kushika. Na namba hizo mpe mwenyewe kwenye kadi aondoke nayo. Faili likibaki ofisini kwenu, shamba linalofuata wanaanza upya gizani.

Angalia pia sampuli inasafirije. Kuna kijana nilimkuta bomba linamvujia mgongoni, shati limeloa mpaka kiunoni, mate yanamtoka, mboni za macho zimesinyaa zikawa nukta. Damu ilichukuliwa vizuri, lakini boksi la barafu lilikuwa limeshayeyuka na gari likachelewa hadi kesho yake. Dawa ilikuwa kabameti, nayo huachia kimeng'enya yenyewe ndani ya saa chache, hata damu ikiwa ndani ya chupa. Majibu yakarudi safi. Nyapara akayashika kama ushahidi kwamba jamaa ni mvivu! Kwa hiyo dalili ziandikwe palepale, na damu ikae kwenye baridi na ipimwe haraka. Kama mnatumia kile kipimo cha kutoboa kidole, mkono uoshwe kwa sabuni kwanza, maana dawa iliyo kwenye ngozi huingia kwenye tone la damu na kushusha majibu.

Wavunaji wasiopuliza nao usiwasahau. Wanaipata kwenye majani wakirudishwa shambani kabla muda wa kusubiri ulioandikwa kwenye lebo haujaisha. Kwao kupima mabaki ya dawa kwenye mkojo kunafaa zaidi, ila mkojo unasimulia siku chache tu zilizopita, kwa hiyo uchukuliwe mara baada ya kazi hiyo. Ukingoja mwisho wa msimu, hakuna utakachokiona.

Halafu jambo ambalo waajiri hawalipendi: kibarua akijua namba ikishuka anapoteza ujira, atakukimbia, na ana haki. Jimbo la Washington, Marekani, sheria inamtaka mwajiri aendelee kumlipa mtu aliyetolewa kwenye dawa kwa sababu ya kipimo. Lidai hilo kwa maandishi kabla hujatoboa mkono wa mtu.

Mwisho, kolinesterasi haioni kila dawa. Parakwati na glaifoseti za magugu, pairethroidi za wadudu, hizo zote zitapita na kipimo kitabaki kimya. Weka hapa majina ya viambata hai (kemikali zenyewe zinazofanya kazi ndani ya dawa) yaliyo kwenye lebo zenu za msimu huu, tukuambie kipi kinapimika na kwa njia gani.