Shangazi kazikwa Kinondoni, amri zake zimebaki Magomeni

SWALI: Shikamoo Bibi. Nina miaka 24, nauza vifaa vya simu Kariakoo, na usiku naandika. Nimeanza hadithi ya kutisha. Shangazi aliyetawala nyumba ya ukoo Magomeni anafariki, anazikwa makaburi ya Kinondoni, na siku ya arobaini anarudi. Nimempa macho mekundu kama makaa na kucha ndefu, anacheka usiku juu ya bati. Niliwasomea wenzangu wa dukani sura 3. Hakuna aliyeogopa, na mmoja alisinzia. Mama naye amekasirika. Anajua nimemchukua dada yake baba, na anasema marehemu hasemwi. Nifanyeje? Na je, mwishoni nilete shehe amfukuze?
Msomaji, Mbagala

JIBU: Marahaba mjukuu wangu. Sura zako 3 nimezisoma usiku, peke yangu, na mimi pia sikuogopa. Ila ukurasa wa pili kuna mstari umeuandika na kuupita kama mtu anayewahi daladala: "Shangazi akikohoa mara moja tu, redio zote za nyumba zinazimwa." Hapo nilisimama. Mwanamke anayezima redio za vyumba sita kwa kikohozi kimoja, ukimwongezea kucha ndefu unampunguza.

Nikueleze ninakolitoa hili. Nilikulia Ilala, nyumbani kwa bibi mzaa baba. Funguo zote, za stoo, za kabati la vyombo, hata ya sanduku la sukari, alizifunga kwenye pindo la kanga, nasi tulijua alipo kwa mlio wake. Alikataza samaki kukaangwa baada ya magharibi. Sababu hakuitaja kamwe. Alipofariki, mama yangu alikuwa na miaka 41. Miaka tisa ikapita, tumeshahamia Tabata, nikamkuta mama jikoni saa mbili usiku anakaanga vibua. Dirisha kalifunga, na chini ya mlango kaweka tambara kuzuia harufu. Nikamuuliza, "Mama, unamficha nani?" Alinitazama, mafuta yanalia, hakujibu. Akazima jiko, samaki wakabaki wabichi upande mmoja. Maishani mwangu sijaona jini wala mzuka, lakini usiku ule mwili wangu ulisisimka, na hata sasa ninapokuandikia unasisimka.

Kwa hiyo mshushe shangazi kwenye bati. Asionekane kabisa sura mbili za mwanzo. Waonyeshe walio hai bado wanamtii, kila mmoja kwa siri yake, kila mmoja akidhani ni yeye peke yake.

Nyumba yenyewe itakusaidia, maana nyumba ya Kiswahili imejengwa kama jicho. Korido inapita katikati, vyumba vitatu huku na vitatu kule, na nyuma kuna uani, jiko na choo. Mtu akiweka kiti mwisho wa korido anamwona kila anayeingia, anayetoka na anayekwenda chooni usiku wa manane. Kiti hicho cha shangazi umekisahau. Kirudishe. Kisiguswe na mtu, na wanaopita wajibane ukutani kana kwamba kuna miguu imenyooshwa pale.

Halafu LUKU, mita ya umeme wa kulipia kabla. Shangazi wa Dar es Salaam anayetawala nyumba ya wapangaji anatawala umeme kwanza. Mfano, nawe utafute maneno yako:

Saa nne ilipofika, taa ya koridoni ilizimwa. Baba alijua ni mama. Mama alijua ni mpangaji wa chumba cha mbele. Mpangaji alikuwa Kilwa tangu Jumatatu. Mtoto wa miaka minne, aliyezaliwa baada ya msiba, alikuja akasimama mlangoni. "Umeme si wa mmoja," akasema, na kurudi kulala.

Wakubwa wote wanaijua kauli hiyo, ilikuwa ya shangazi. Mtoto kaitoa wapi? Usieleze.

Jambo jingine, umechanganya. Ukurasa mmoja shangazi ni mzimu, mwingine ni jini, mwingine kampanda kichwani mke wa kaka yako. Kila neno lina mwenendo wake kwa wasomaji wetu. Mzimu ni wa ukoo, una haki na wewe, unadai heshima. Pepo humpanda mtu, na mtu huyo huitwa kiti. Huulizwa jina lake na anachotaka, naye hujibu kwa kinywa cha kiti wake: anataka marashi, anataka kitambaa, anataka ngoma. Ukichagua njia ya pepo, shangazi wako atafaa sana, maana alizoea kudai. Lakini chagua moja.

Mimi ningechagua kizuka, na sababu yangu inamhusu mama yako. Kiswahili kinamwita kizuka yule anayetokea usiku ghafla, na kinamwita kizuka mjane aliye edani. Eda ya kufiwa kwa Waislamu ni miezi 4 na siku 10. Nani humsimamia mjane siku zote hizo, anayehesabu nani kaja kumwona na kwa nini kakaa sana? Mara nyingi ni wifi. Hebu tunga hivi: miaka ya nyuma kaka mtu alifariki, shangazi akamlinda mkewe chumbani, siku baada ya siku, kiti chake kikiwa mlangoni. Sasa shangazi kafa, na yule aliyekuwa kizuka ndiye anayesikia kiti kikiburutwa. Hapo utakuwa na kisa cha wanawake wawili, hutahitaji kicheko cha usiku.

Tena usisahau kanga. Baada ya arobaini nguo za marehemu hugawiwa. Doti ya kanga ina vipande viwili vyenye jina moja, yaani maneno yaleyale yaliyoandikwa. Mpe binti kimoja na wifi kingine, kisha maneno ya marehemu yatembee ndani ya nyumba migongoni mwa watu wasiosemezana.

Sasa mama yako. Hasira zake nazielewa na nakuomba uziheshimu. Ondoa kila kinachomtambulisha shangazi wa kweli: kazi yake, ugonjwa wake, mtaa wake. Magomeni ipeleke Temeke ukitaka. Na huyu wa hadithini mpe sababu. Kiwanja alikinunua kwa pesa ya vitumbua, asubuhi moja baada ya nyingine. Mume alimtoa na begi moja, naye akaapa hakuna atakayemtoa tena mlangoni. Mtu wa namna hiyo hawezi kuiachia nyumba, hata akifa. Msomaji akishampenda kidogo ndipo ataogopa kweli. Kisha msomee mama yako kabla ya kumpelekea mhariri yeyote. Akikwambia futa ukurasa fulani, ufute.

Shehe mlete, kisomo kiwepo, ubani ufukizwe, na dua yake iwe dua ya kweli, usimfanye kichekesho. Ila asimalize hadithi. Yeye anasomea nyumba, na wanaomshikilia shangazi ni waliokaa mkekani wakimwitikia amin.

Mwisho wako, nadhani, uko kwenye funguo. Umeandika mazishi, umeandika arobaini, umeandika hadi ugomvi wa mirathi, lakini funguo za shangazi hazijatajwa popote. Nimezitafuta kurasa zote. Kuna mtu humo ndani alizichukua kabla maiti haijaoshwa. Mtafute ni nani, kisha unitumie sura ya 4.