Kuku wa uani: usihesabu saa za jua, angalia kivuli cha saa nane mchana

Mkuu, umeuliza kuku wako kumi na wawili wanahitaji jua saa ngapi kwa siku, na kama banda ulilolibana ukutani litafaa. Nafuga chotara hapa Kigamboni. Kuku hapimiwi jua kama dawa, analitafuta mwenyewe. Saa mbili asubuhi utamkuta amelala ubavu mchangani, bawa kalitandaza, ukadhani amekufa. Kinachomuua ni kukosa pa kulikimbia.

Mimi nilijua hilo kwa hasara. Banda langu la kwanza upande wa wavu ulitazama magharibi, bati tupu juu, tena la chini, ukiingia lazima uiname. Asubuhi naona kivuli safi, naenda kazini roho kwatu. Februari moja nikarudi saa tisa alasiri: jua limeingia hadi ukuta wa nyuma, maji ya ndooni unaweza kuyaogea, kuku wanahema midomo wazi, mabawa wameyaachia. Walikufa wanne, na ndio wale walionona. Kuku hana jasho, joto kali analitoa zaidi kwa kuhema. Waliobaki wakawa wanataga mayai ya ganda jepesi kwa siku kadhaa.

Banda la sasa urefu wake ni mashariki kwa magharibi, kwa hiyo jua la asubuhi na la jioni linapiga zile kuta fupi. Juu ya bati nimetandika makuti (jirani alicheka, sasa na yeye anayo). Chakula wanapata alfajiri na jioni, mchana maji tu, nayo nabadilisha.

Kivuli cha mti nacho kinahama, si kwa siku tu, hata kwa mwaka. Huku Dar, tangu Oktoba mpaka mwanzoni mwa Machi jua la adhuhuri liko kusini kwetu, miezi mingine liko kaskazini. Julai niliweka vyombo vya maji kusini mwa mwembe, kivuli tele. Desemba vyote vikawa juani.

Ila usikimbilie kuwafungia gizani. Banda lisilopata jua wala hewa, maranda hayakauki, harufu inakuchoma macho, kuku wanaanza kukohoa. Na kama uko Njombe au Lushoto, geuza maelezo yangu: huko shida ni baridi na upepo.

Habari ya taa za usiku kwa watagaji iache kwanza. Ni kweli kuku akipata mwanga wa saa 14 hadi 16 hutaga zaidi, na siku yetu ni kama saa 12, lakini kwa kuku kumi na wawili wa nyumbani sioni haja.

Huo ukuta wako, kama ni wa tofali za saruji na unapigwa na jua la mchana, utatoa joto hadi usiku. Sogeza banda hatua mbili tatu upepo upite. Halafu tuwekee picha hapa, ya saa nane mchana, sio ya asubuhi.