Soko la wachumba Shanghai: hakuna anayeuzwa

Dada, umeuliza kama kweli Wachina "wanauza" watoto wao bustanini. Hapana. Ni soko la kutafutia watoto wachumba, Bustani ya Watu, Shanghai, mwishoni mwa wiki. Mzazi hufungua mwavuli, auweke chini, abandike karatasi yenye sifa za mtoto wake: mwaka wa kuzaliwa, urefu, elimu, mshahara, kama ana nyumba, na hukou, yaani usajili wa ukaazi. Jina na picha mara nyingi havimo. Wengi wana mtoto mmoja tu, kwa ile sera ya serikali ya mtoto mmoja iliyotangazwa kufutwa 2015, na wakati mwingine mtoto mwenyewe hata hajui kwamba anatafutiwa. Hilo ndilo linaloniuma. Kwetu siku hizi mshenga hutumwa kijana akishachagua. Pale mama anakaa kwenye kigoda kando ya mwavuli, akingoja mpita njia ainame asome.