Katuni inacheza mbele ya ngoma

SWALI: Wahariri, salaam. Nimebadili maneno ya wimbo unaovuma yawe ya kuchekesha. Silabi nimezihesabu, zimelingana mstari kwa mstari, lakini wanaosikiliza wanasema naimba kama mgeni wa lugha. Nimekosea wapi?

JIBU: Hesabu yako huenda ni sahihi; kilichokuponyoka ni mkazo. Mkazo wa Kiswahili hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na mtunzi wa kwanza aliiweka noti nzito papo hapo. Tuseme mstari wake ni "nakupenda sana": mizani (yaani silabi) sita, uzito uko kwenye ya tatu na ya tano. Ukiandika "nilipe madeni", mizani ni sita vilevile, ila mkazo wa "nilipe" uko kwenye ya pili. Sauti itakulazimisha uimbe "niliPE", na ugeni unasikika hapo hapo. Jaribu "nakudai sana". Uzito haukuhama hata kidogo, na kichekesho kimenoga kwa sababu sikio lilikuwa linangoja mapenzi likaletewa deni. Kwa maoni yetu, neno moja lililopinduliwa hushinda ubeti mzima ulioandikwa upya.

Chunga pia "m" inayosimama peke yake: "mtoto" ni mizani tatu, lakini "mbuzi" ni mbili, maana "mb" yake hutamkwa kwa mkupuo. Na ukiongeza "-ni", kama "nyumba" ikawa "nyumbani", mkazo unahama.

SWALI: Nikitumia ala zilezile za wimbo wa asili, nitapata matatizo?

JIBU: Unaweza kuyapata. Wimbo una haki mbili: ya utunzi na ya rekodi. Ukipiga ala zako mwenyewe umeikwepa ya rekodi tu. Ya utunzi bado ipo. Mwaka 1994, katika kesi ya kundi la rap la 2 Live Crew, Mahakama ya Juu ya Marekani ilisema mzaha wa kibiashara unaweza kuwa matumizi halali, lakini sheria hutofautiana nchi na nchi. "Weird Al" Yankovic, bingwa wa kazi hii, huomba ruhusa kwa wasanii hata hivyo.

SWALI: Katuni wangu anaanza kucheza sawasawa, kisha anaitangulia ngoma. Wimbo una mapigo 100 kwa dakika, video fremu (picha moja moja) 24 kwa sekunde. Mdomo nao unaonekana kuchelewa.

JIBU: Gawanya: sekunde 60 kwa mapigo 100, zidisha kwa 24. Kila pigo lina fremu 14.4. Bila shaka umechora mzunguko wa fremu 14 ukaurudiarudia, hivyo kila pigo unapoteza fremu 0.4. Baada ya mapigo 60, yaani sekunde 36 tu, katuni yuko mbele kwa sekunde nzima. Dawa rahisi ni kuweka mradi kwenye fremu 25, ambapo pigo linakuwa fremu 15 kamili. Kama huwezi kuiacha 24, panga mapigo kwenye fremu 0, 14, 29, 43, 58, 72, kisha mpangilio unajirudia kuanzia 72. Amua kabla ya kuchora. Kubadili katikati ni kuchora upya.

Mdomo ni jambo jingine. Weka picha ya mdomo fremu moja au mbili kabla ya sauti yake, kwa kuwa midomo hujipanga kabla sauti haijatoka. Kwa Kiswahili picha nane zinatosha: irabu tano, mdomo uliofungwa kwa m, b na p, meno juu ya mdomo wa chini kwa f na v, na ulimi ulioinuka kwa l, n, t na d. Usihangaike na kila konsonanti. Fuata irabu, maana ndizo zinazovutwa kwenye kuimba. Ila mdomo uliofungwa usiuruke kamwe, na uupe angalau fremu mbili. Katuni anayeimba "mama" mdomo ukiwa wazi muda wote huonekana anapiga miayo.

Ikiwa mdomo ulikuwa sawa mwanzoni na unachelewa mwishoni tu, angalia ulivyotoa video. Kazi iliyochorwa kwa fremu 24 kwa sekunde ikitolewa kwa 23.976 hubaki nyuma kama fremu nne kwa wimbo wa dakika tatu.