Kuongeza Vyumba Katika Lupango: Majibu kwa Wasomaji

SWALI: Mimi ni mama mjane wa Katuba, hapa Lubumbashi. Nyumba yetu ni ya matofali ya kuchoma, ina vyumba viwili na sebule, na cheti cha lupango (kiwanja chetu) bado kina jina la marehemu mume wangu. Mama yangu mzazi anakuja kuishi nami, kwa hiyo nataka kumjengea chumba, kisha niongeze vyumba viwili vya kupangisha. Masoni wangu (fundi mwashi) anasema ruhusa haihitajiki kwa kuwa lupango ni letu, na anashauri nijenge ghorofa juu ya nyumba ya sasa ili ua usipungue. Pesa niliyo nayo inafika karibu nusu ya kazi yote. Nianzie wapi?

JIBU: Mama, anzia kwenye karatasi, na uanze kabla ya kununua hata mfuko mmoja wa simenti. Sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973 inasema kwamba ardhi ni mali ya Dola. Raia anapewa haki ya kuitumia, na haki hiyo inathibitishwa kwa cheti cha usajili. Kwa hiyo hoja ya masoni wako haina msingi. Hata mwenye cheti safi huomba kibali cha kujenga anapoongeza vyumba, kwa sababu kibali kinahusu jengo lenyewe: umbali wake kutoka barabarani na kwa jirani, njia ya maji machafu, na uimara wake.

Kwako kuna jambo jingine linalotangulia hilo. Kanuni ya Familia ya 1987 inawaweka watoto katika kundi la kwanza la warithi, na wewe mjane inakulindia haki ya kuendelea kukaa katika nyumba mliyoishi. Maana yake ni kwamba vyumba utakavyojenga kwa pesa yako vitasimama juu ya mali ambayo watoto nao wana haki kubwa ndani yake. Waite wote, pamoja na wale wa marehemu waliozaliwa nje ya ndoa ikiwa wapo, mkubaliane kwa maandishi kuhusu nani anajenga na kodi ya wapangaji itakuwa ya nani, kisha mfuatilie urithi hadi cheti kibadilishwe jina. Nakusihi usiliahirishe hili, kwa maana ugomvi juu ya vyumba vya kupangisha ni mchungu sana pale aliyevijenga anapokuwa hayupo tena kueleza.

Baada ya hapo mtafute msanifu majengo anayetambuliwa, akuchoree mpango wa lupango lote: nyumba ya sasa, chumba cha mama, vile viwili vya kupangisha, choo, fosi (shimo la maji machafu ya choo) na kisima kama kipo. Huo mchoro, pamoja na hati za lupango na makadirio ya gharama ambayo mafundi wetu huyaita devi, ndio unaopelekwa kwenye ofisi ya mipango miji na makazi. Mchoro mmoja wa kazi yote ni bora hata kama utajenga kwa awamu, kwa sababu unazuia kosa linaloonekana katika malupango mengi, yaani chumba kipya kujengwa juu ya fosi ya zamani, au fosi mpya kuchimbwa karibu na kisima kinachonywewa. Kipimo kinachotumiwa sana kati ya shimo la choo na kisima ni mita 30, na pale ambapo lupango haliruhusu nafasi hiyo, maji ya kisima hicho yasinywewe bila kutiwa dawa au kuchemshwa. Malipo yote ya kibali yafanywe kwa hati rasmi, na risiti uzihifadhi.

Kuhusu ghorofa, ninakuomba ukatae. Sakafu ya zege yenye unene wa sentimita 15 ina uzito wa kilo 375 hivi kwa kila mita ya mraba, kwa hiyo juu ya chumba cha mita 4 kwa 3.5 peke yake utakuwa umeweka zaidi ya tani 5, kabla ya kuta za juu, ambazo kila mita moja ya urefu wake inakaribia tani 1. Nyumba nyingi za zamani katika mitaa yetu zilijengwa kwa matofali ya kuchoma yaliyoshikanishwa kwa udongo, bila nguzo wala mkanda wa zege, na kuta kama hizo hazikuandaliwa kubeba uzito huo. Jenga chini, na pale ukuta mpya unapokutana na wa zamani usiufungamanishe nao. Acha mwanya wa sentimita 2 au 3, ufunikwe vizuri, kwa kuwa msingi mpya utakaa kwa namna yake na nyufa zitatokea hapo hapo.

Sasa pesa. Nusu ya pesa inatosha kumaliza chumba kimoja, na haitoshi kuanzisha vitatu. Jenga cha mama kwanza, kiezekwe kabla ya mvua za Novemba, maana kuta zisizo na paa huharibiwa na msimu mmoja tu. Kwa mfano, sakafu ya chumba hicho cha mita 4 kwa 3.5, yenye unene wa sentimita 10, inahitaji mita za ujazo 1.4 za zege, sawa na mifuko 9 hivi ya simenti ya kilo 50. Mwombe masoni akufanyie hesabu ya namna hiyo kwa kila sehemu, na kama hawezi, mtafute mwingine. Weka pembeni akiba ya asilimia 10 hadi 15 ya gharama. Anayetaka kutunza thamani ya pesa yake anaweza kununua matofali na mabati mapema, lakini si simenti, ambayo hupoteza nguvu ikikaa miezi mitatu, wala mbao zisizotiwa dawa, kwa maana mchwa wa hapa hawasubiri.

SWALI: Fundi alikubali bei moja kwa kazi yote ya kuongeza jiko na bafu. Sasa anadai nyongeza kwa sababu simenti imepanda. Nilipe? (Msomaji wa Kampemba)

JIBU: Ikiwa mlikubaliana bei moja ya jumla, fundi akigharamia vifaa mwenyewe, kwa mchoro mlioafikiana, sheria ya mikataba ya 1888 haimruhusu kudai zaidi kwa sababu ya kupanda kwa bei ya vifaa au ujira; nyongeza ya kazi hulipwa tu ikiwa uliiruhusu kwa maandishi na bei yake ikakubaliwa. Sheria hiyo hiyo inamfanya awajibike kwa miaka 10 jengo likianguka kwa ubovu wa ujenzi, na hata kwa ubovu wa udongo. Lakini kama makubaliano yalikuwa ya mdomo, utapata shida kuyathibitisha, na huenda ikawa nafuu kugawana naye ongezeko hilo kwa maandishi leo, kisha sehemu iliyobaki umlipe kwa hatua: msingi ukikamilika, kuta zikifika kwenye linta (boriti ya juu ya milango na madirisha), na paa likifungwa.